Mitungi ya Watoto wa Banpo

Wageni wengi wafikao Xi'an, nchini China, huenda kuwatazama askari wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la mfalme wa kale. Sisi tulitenga pia asubuhi moja kwenda Banpo, mashariki ya mji huo, na twapenda kuwasimulia akina mama wenzetu tuliyoyaona.

Banpo ni mabaki ya kijiji cha watu walioishi kando ya mto Chan zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Kiligunduliwa mwaka 1953, kikachimbuliwa kuanzia 1954 hadi 1957, na mwaka 1958 makumbusho yakafunguliwa papo hapo. Paa kubwa limefunika misingi ya nyumba na sehemu ya handaki lililoyazunguka makazi, lenye kina cha mita 5 hadi 6.

Watu wazima walizikwa ng'ambo ya handaki, upande wa kaskazini. Watoto wadogo wengi hawakupelekwa huko. Yalipatikana makaburi 73 ya watoto waliozikwa ndani ya mitungi ya udongo, mengi yakiwa karibu na nyumba.

Mitungi hiyo ilikuwa ile ile ya matumizi ya nyumbani, iliyofinyangwa kwa mkono. Mtoto aliwekwa ndani, mdomo ukafunikwa kwa bakuli, na baadhi ya mabakuli hayo yalitobolewa tundu dogo kitakoni. Wataalamu wengi huona kwamba tundu liliachwa ili roho ya mtoto iweze kutoka na kuingia. Bakuli moja mashuhuri, lenye picha ya uso wa mtu na samaki, sasa limehifadhiwa Beijing katika Makumbusho ya Taifa. Nalo lilikuwa kifuniko cha mtungi wa mtoto.

Sisi tulio wauguzi tulisimama hapo kwa muda mrefu. Katika wodi za wazazi tumesikia mara nyingi mama aliyefiwa na kichanga akiambiwa, "Nyamaza, wewe bado kijana, utapata mwingine." Mtoto huondolewa haraka, pengine mama hajamwona hata uso. Siku chache baadaye maziwa humjaa na kumwuma, wala hana wa kumnyonyesha. Na pale nyumbani hakuna amtajaye mtoto.

Imani ya watu wa Banpo juu ya roho si yetu. Lakini walitoa chombo walichokihitaji nyumbani, wakamlaza mtoto wao humo, wakamweka karibu. Kwao hata mdogo kabisa alikuwa mtu wa nyumba ile.

Basi, mama mwenzetu, jirani yako akifiwa na mtoto mchanga, usimhesabie watoto atakaozaa. Akitaka kumwona na kumpakata mwanawe kabla ya mazishi, msaidie apewe nafasi hiyo. Mpikie, mfulie, kaa naye. Mwulize jina la mtoto, naye akilitaja, litaje nawe. Na baba wa mtoto usimsahau, kwani naye amefiwa.