Biryogo na Kuku Wenye Ndevu

Katika Jiji la Kigali, Wilaya ya Nyarugenge, mtu atokaye katikati ya mji kuelekea Nyamirambo hupitia mtaa wa Biryogo. Si mtaa mkubwa, wala hauna majumba ya kutisha. Nyumba zake zimekaribiana, nyua zake ni finyu, na vichochoro vyake hupanda na kushuka kwa kufuata mteremko wa kilima. Hata hivyo, mitaa ya Rwanda iliyobeba historia nzito kama huu ni michache, na mgeni kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura huisikia lugha yake hapa bila ya kuitafuta.

Tangu mwaka 2021 baadhi ya barabara za Biryogo zimefungwa kwa magari. Lami yake imepakwa rangi za kupendeza, na meza na viti vimetolewa nje. Jua linapotua watu huketi hapo kwa chai ya maziwa, chapati na mishikaki ya mbuzi, wakizungumza Kinyarwanda na Kiswahili katika sentensi moja. Kutoka msikiti wa Al-Fatah, ambao historia yake huanzia mwaka 1913, adhana husikika juu ya mazungumzo yao.

Msomaji ataona ajabu kuambiwa kwamba mtaa huu una jambo la kumfundisha mfugaji wa kuku wa mapambo. Hata hivyo jambo hilo lipo, na ni jambo la kipimo: nini kipimwe, na nini kisipimwe.

KAMBA MGUUNI

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka pwani na kwingineko, na wengi wao walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yalivuka kutoka Kongo yakaitwaa nchi. Chini ya utawala huo mpya, watu wa jamii hiyo walitengewa mahali pao pa kukaa, na Biryogo ikawa ndiyo kambi ya Waswahili ya Kigali. Mkazi wake hakujiendea atakako. Kutoka kulihitaji kibali.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwenye nyumba humfunga kuku aliyenunuliwa sokoni mpaka azoee ua, kisha humfungua. Wageni wa Biryogo walifungwa kamba ya karatasi, na hawakufunguliwa hata baada ya kuzaa watoto na wajukuu katika nchi hiyo hiyo.

KUKU WA UBELGIJI

Zama hizo hizo, huko Ubelgiji kwenyewe, walikuwapo watu waliotumia jioni zao kutazama kuku wadogo wenye ndevu. Huyu si kuku wa mchuzi. Jogoo wake ana uzito wa gramu 700 hivi, na mtetea hupungua hapo, ilhali kuku wa kawaida wa mayai hukaribia kilo mbili. Kuku wadogo wa namna hii huitwa bantamu, kwa jina la bandari ya Banten katika kisiwa cha Java, ambako mabaharia wa Ulaya walizoea kununua kuku wadogo wa kula safarini.

Jamii tatu za kuku hawa ndizo zenye sifa zaidi. Ya kwanza na ya kale kuliko zote ni Barbu d'Anvers, yaani mwenye ndevu wa Anvers. Undu wake ni mpana, wenye vidoti vingi, nao huishia nyuma kwa ncha moja. Kifua hutangulia mbele, mabawa huning'inia kuelekea ardhini, na miguu haina manyoya. Ya pili ni Barbu d'Uccle, iliyofanyizwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Michel van Gelder katika kitongoji cha Uccle, Brussels. Huyu ana undu mmoja wima wenye meno, na miguu yake imevaa manyoya mpaka vidoleni. Rangi yake mashuhuri huitwa maua elfu: unyoya wa kahawia ya dhahabu, kisha doa jeusi, kisha ncha nyeupe. Ya tatu ni Barbu de Watermael, iliyopatikana kwa kazi ya Antoine Dresse katika zama za Vita Kuu ya Kwanza. Yeye ana kishungi kidogo kilicholala nyuma ya kichwa, na undu wake huishia kwa ncha tatu.

Wote watatu huungana katika ndevu. Manyoya ya kidevuni na yale ya mashavuni, ambayo kwa mtu yangeitwa sharafa, hujaa yakafanya mafungu matatu. Vile vinyama vyekundu vinavyoning'inia chini ya mdomo wa kuku wa kawaida karibu havionekani kabisa.

KIPIMO KILICHOANDIKWA

Desturi ya kumtunza kuku kwa kufuata maandishi ilianza Uingereza. Mwaka 1835 sheria ya nchi hiyo ilipiga marufuku kupiganisha majogoo, na wapenzi wa kuku wakatafuta shindano lisilomwaga damu. Mwaka 1845 maonyesho makubwa ya kuku yalifanyika katika bustani ya wanyama ya London. Punde si punde ugomvi ukazuka: kuku bora ni yupi? Ndipo mwaka 1865 kitabu cha kwanza cha vipimo kikachapishwa, na Marekani ikatoa chake mwaka 1874. Tangu hapo mwamuzi hahukumu kwa kumpenda mwenye kuku. Hufungua kitabu akatazama undu, ndevu, mkia, rangi, miguu na umbo, akatoa alama.

Kwa mfugaji, kazi huanza mapema. Huchagua jogoo mmoja na mitetea miwili, akiangalia kwamba upungufu wa huyu unafidiwa na ubora wa yule. Majike wenye ndevu haba hupewa jogoo mwenye ndevu zilizojaa. Vifaranga huanguliwa kwa siku 21 au pungufu ya siku moja. Katika nchi nyingi za Ulaya kifaranga huvishwa pete yenye mwaka wake angali mdogo, kwa maana mguu ukishanenepa pete haiingii tena wala haitoki. Kwa njia hiyo hakuna awezaye kudanganya umri wa kuku. Vifaranga wakikua hupepetwa: wachache hubaki kuwa wazazi, na waliosalia huuzwa au huliwa.

Elimu ya urithi imethibitisha yale wafugaji waliyoyajua kwa macho. Kuku mwenye ndevu akipandwa na asiye nazo, watoto hupata ndevu za wastani. Ndevu kamili hutaka mbegu ya wazazi wawili. Mwaka 2016 watafiti wa China, ambako pia wapo kuku wa asili wenye ndevu, walionyesha kwamba chanzo chake ni badiliko katika kromosomu ya 27 ya kuku. Kwa sababu hiyo, asiyetenga kuku wake hupoteza katika vizazi vichache kile ambacho mwenzake alikikusanya kwa miaka mingi.

KATIKA UA MDOGO

Familia za kambini na za kota, ambazo ua wake haupiti hatua chache, zitaona kwamba kuku wa kadiri hii huwafaa watu wasio na nafasi. Hula kidogo, hutulia katika banda dogo, na majike wengi huatamia vizuri. Mayai yake ni madogo, kwa hiyo asifugwe na mtu atarajiaye biashara ya mayai. Katika jiji, yampasa mfugaji kwanza kuuliza kwa uongozi wa mtaa kama mifugo inaruhusiwa.

Ndevu huhitaji uangalizi. Chombo cha maji kiwe chembamba mdomoni ili ndevu zisilowe, maana ndevu mbichi hushika uchafu. Chawa na utitiri hupenda kujificha humo, hivyo kuku ashikwe na kupekuliwa kila wiki. Kwa kuku wenye manyoya miguuni, sakafu ya maranda makavu ni lazima, hasa katika mvua za Machi hadi Mei. Chanjo ya mdondo ya tone la jicho, pale inapopatikana, irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Atakayepeleka kuku wake kwenye maonyesho na amwogeshe siku chache kabla kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, amkaushe vizuri, na amzoeze kushikwa na watu.

Wala asidhani mtu kwamba uzuri wa kuku hutoka Ulaya peke yake. Afrika ya Mashariki ina kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya. Ina njachama, ambaye manyoya yake yamepinda kuelekea nje. Ina kuchi wa pwani, mrefu wa miguu na mkali wa vita, ambaye wataalamu wa urithi humhusisha na kuku wa kupigana wa Asia. Hapa na pale huonekana hata kuku wa kienyeji mwenye ndevu zake mwenyewe. Kuku hao hutajwa kwa majina, lakini ni nadra kuwekewa kipimo. Akija jogoo wa kisasa mwenye nyama nyingi, huwapanda majike wote wa kijiji, na katika miaka michache mama huanza kusema kwamba zamani walikuwapo kuku wa namna fulani. Kama Wabelgiji walivyoweza kukubaliana juu ya ndevu za kuku wa gramu 700, hapana sababu wafugaji wa nchi hizi washindwe kuandika sifa za kishingo na kuchi.

MAHALI KIPIMO KINAPOKOMA

Hapo ndipo Biryogo inaporudi katika habari hii. Utawala ule ule ulioweka kambi ya Waswahili haukuishia hapo. Wazungu wa zama hizo waliandika juu ya urefu wa Wanyarwanda na umbo la pua zao, kana kwamba walikuwa mbele ya matundu ya maonyesho. Katika miaka ya 1933 na 1934 sensa ilifanywa, na watu wakapewa vyeti vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtoto alirithi neno la baba yake. Pete ilivishwa mguuni, na mguu ukakua ndani yake.

Pete ya kuku haimdhuru kuku. Cheti kile kiliendelea kutumika baada ya uhuru wa mwaka 1962, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tangu Aprili hadi Julai 1994, kilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuamua nani afe. Askari yeyote au polisi aliyewahi kusimama kizuizini na kuomba kitambulisho cha raia anafaa kulikumbuka jambo hilo.

Katika siku hizo wakazi wengi wa Biryogo, ambao wazee wao waliishi kwa vibali, waliwafungulia milango majirani zao. Walikuwapo Waislamu walioshiriki katika uovu, na ukweli huo haufichwi. Lakini Biryogo inakumbukwa zaidi kwa waliokataa. Watu walifichwa katika vyumba vile vile vidogo na nyua zile zile finyu, na aliyewaficha alihatarisha roho yake na za wanawe. Jirani alikuwa jirani, na hapakuwa na kitabu cha kufungua ili kujua kama anastahili.

Leo kitambulisho cha Mnyarwanda hakiandikwi kabila. Kiswahili, lugha iliyokuwa alama ya kutengwa, kilipitishwa na Bunge la Rwanda mwaka 2017 baada ya miaka kumi ya nchi hiyo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiwe miongoni mwa lugha rasmi. Mzee wa Biryogo huteremka kunywa chai mahali apendapo, wala haulizwi kibali.

Basi atakayefuga kuku wenye ndevu na afuge kwa kipimo. Apime undu, ahesabu ncha zake, atenge madume, aandike vizazi katika daftari, wala asione haya kumtoa katika uzazi kuku aliyepungukiwa. Afanye hivyo hivyo kwa kishingo na kuchi kabla hawajapotea. Amalizapo kazi yake bandani na afunge mlango wa tundu, anawe mikono, na kile kitabu cha vipimo akiache huko huko pamoja na kuku. Mgeni akibisha hodi jioni hiyo, apewe kiti na chai.