Daftari la Jumamosi

Kazi yangu ni kuandika misiba ya watu. Ajali ikitokea mhariri ananipigia simu, naenda, nahesabu, naandika: wangapi wamekufa, wangapi wamejeruhiwa, kamanda wa polisi wa mkoa amesema nini. Siku ya pili gazeti linafungiwa maandazi. Mwandishi aliyeyaona yale anayaweka wapi? Chumba cha habari kina tiba moja tu: "Jikaze, wewe mwanaume."

Mwaka jana nilinakili majina ya abiria wa basi moja katika chumba cha maiti. Jina la sita lilikuwa la rafiki niliyekaa naye dawati moja shuleni. Tangu hapo usingizi ulinikimbia. Basi dada mmoja muuguzi aliponialika kwenye kikundi chao cha kuandika, nilikwenda, japo sikukiamini.

Tuko saba. Tunakutana Jumamosi asubuhi katika darasa la shule ya msingi, Sinza, kila mtu na daftari lake. Masharti ni machache. Unaandika dakika 15 bila kusimama, husahihishi, hutafuti maneno mazuri. Anayetaka anasoma, asiyetaka anasema "napita". Hakuna kupeana ushauri, na kilichosomwa mle hakitoki nje.

Wengine mtasema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika mkasa mzito pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti nyingi zimefuata, na kwa wastani nafuu inayopatikana ni ndogo. Lakini ipo.

Hata hivyo, jirani zetu Uganda walikuwa na yao. Miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanachama wa NACWOLA, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo umetoka wapi, baba alikuwa mtu gani, mama anaumwa nini. Mtoto aliachiwa asili yake, na mama akapata njia ya kusema lile lililomkwama kooni.

Baadaye Pennebaker alihesabu maneno ya walioandika. Walionufaika zaidi walikuwa wakiongeza, siku hadi siku, maneno kama "kwa sababu" na "natambua". Nami nikalifungua daftari langu. Jumamosi tatu za kwanza linasomeka kama gazeti: "Abiria walifariki papo hapo. Miili imehifadhiwa hospitali." Mimi simo kabisa. Jumamosi ya nne nimeandika: "Nilisoma jina lake. Nikaweka namba 6, nikaendelea na la saba, kwa sababu gazeti lilikuwa linasubiri."

Nilisoma kwa sauti. Hakuna aliyesema pole. Muuguzi alifunua ukurasa mpya, akaanza kuandika.

Mtaniuliza, si ungeandika nyumbani? Nyumbani ningeweka kalamu chini dakika ya tatu na kuwasha televisheni. Pale nasikia kalamu sita zikikwaruza karatasi, naona aibu kuacha.

Tuna sharti moja zaidi: jambo likikuzidi, acha kuandika, na ukiona hali haitulii mwone daktari. Daftari halichukui nafasi yake.

Waandishi wenzangu mnaotoka kwenye ajali na kwenda moja kwa moja baa, daftari la kaunta si ghali. Tafuteni watu watano mnaoaminiana na chumba chenye mlango unaofungwa. Mimi siku hizi nalala. Si kila usiku, lakini nalala.