Hilo Ua Si la Mzungu

Wasee, tangu niposti video ya mtungi wangu wa maua kuna kitu kinanikereketa, na leo lazima nikitoe.

Ua lenyewe mmeliona: dogo, la zambarau, majani manene yenye vinyoya laini. Sokoni linaitwa Afrikan vayoleti. Komenti zilikuja za aina mbili. Wengine: "Hiyo ni mimea ya Wazungu, ya watu wa Runda." Wengine: "Buda, tuambie ni msitu gani tukajichimbie." Zote zinaniuma, maana zinaonyesha vile hatujui kilicho chetu.

Hebu tuanze na hao wa Runda. Hili ua ni la hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 1892, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, afisa mmoja wa serikali yao, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona kule Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaliandika vitabuni kwa jina la familia hiyo: Saintpaulia. Kufika miaka ya 1920, wakulima wa maua Los Angeles walikuwa wanazalisha aina mpya za kuuza. Leo liko kwa madirisha ya nyanya za watu dunia nzima. Sisi tunalipata mjini likiwa na bei, tunadhani limeletwa na ndege.

Na si Tanzania peke yake. Kuna aina inayomea kwa mawe ya chokaa kaunti ya Kilifi. Kuna nyingine, teitensis, ambayo porini inajulikana sehemu moja tu duniani: msitu wa Mbololo, Taita. Msitu wenyewe umebaki hekta 200 hivi. Mathe wangu amezaliwa Taita, na mimi ndiye nilimwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hivyo uliacha kampasi ukaja kunifundisha maua ya kwetu?" Wengine mnajua nilitoka chuo mwaka wa pili karo iliposhinda. Hiyo mada bado iko mezani kila Jumapili.

Kwa nini nalikuza kwa mtungi? Kwa sababu kwao linakaa kwa mwamba, chini ya kivuli cha miti, hewa ikiwa na unyevu. Bedsita yangu huku Roysambu haina hata kimoja cha hivyo. Mtungi wa kioo unasaidia kushika unyevu. Chini naweka kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa, halafu makumbi ya nazi yaliyosagwa badala ya udongo mzito, kwa sababu mizizi yake inataka hewa. Mtungi hauna tundu chini, kwa hivyo maji ni ya kupima kwa kijiko. Ukimwaga ovyo, linaoza kutoka katikati na hakuna maombi yatakayolirudisha. Majani usiyanyunyizie maji baridi, yatapata madoa. Mfuniko naufungua kila siku lipumue. Jua kali linaunguza majani, na giza linanyima maua, so nimeliwekea kataa ka LED, saa 12 kwa siku. Tokeni zinalia, lakini linachanua.

Sasa nije kwa watu wa kuchimba. Baada ya ile video, jamaa alinitumia ujumbe. Alikuwa amesikia nikisema kwetu ni Taita. Aliahidi shilingi 8,000 kwa kila mmea wa porini nitakaomletea, "na mizizi yake, tafadhali." Kodi yangu ni 7,500. Ilikuwa tarehe 6, landilodi alikuwa amebisha mara mbili. Maze, si nitadanganya, nilipiga hesabu: nauli ya basi mpaka Voi, matatu ya kupanda juu, mimea mitano tu, nimelipa kodi miezi mitano na chenji inabaki.

Nilikataa. Sijifanyi malaika, fikiria tu hiyo hesabu ikipigwa na watu kumi. Mmea ukiwa umebaki msitu mmoja, mitano ni mingi. Na video yangu ingekuwa ndiyo ramani ya kulimaliza. Kodi nililipa kwa kurekodi harusi ya mtu, wiki mbili nikiwa nimechelewa, nikitukanwa kwa ngazi. Ndiyo maana pia mkiniuliza "mahali hasa ni wapi" sijibu. Nimetaja msitu, inatosha. Ukitaka kuliona porini, nenda na mwenyeji, uliangalie, uliache.

Tena hakuna haja ya kuchimba, kwa sababu hili ua linazaliwa na jani. Tafuta mtu aliye na la kukuzwa, mwombe jani moja lenye afya pamoja na kikonyo chake, sentimita 3 hivi. Lichomeke kwa makumbi yenye unyevu, ufunike. Usilisumbue. Baada ya miezi miwili hivi vitoto vinaanza kuchungulia pale chini. Maua ndiyo yanataka subira. Yangu yalikuja mwezi wa nane, nikiwa karibu kukata tamaa.

Watu wa ng'ambo walilijaza duniani kwa njia hiyo hiyo, jani kwa jani. Sisi wenye ua tunashindwaje kujaza hata ploti moja ya Roysambu?

Mwisho wa mwezi napunguza majani. Nina saba ya kupeana, bure. Kuja na mtungi wako, hata wa pinati bata ni sawa, bora umeuosha. Na kama wewe ndiye yule jamaa wa 8,000 na unasoma hii: hata wewe, jani lako liko.