Sanamu za Nairobi na Wapagazi Wasio na Majina

Nairobi si mji mkongwe kama Mombasa au Lamu. Reli kutoka pwani ilifika hapo mwaka 1899, na kabla ya hapo palikuwa kinamasi na malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Lakini katika muda huo mfupi jiji hili limesimamisha sanamu, likaziondoa, likasimamisha nyingine, na moja ikakatwa kichwa. Mtu mwenye viatu imara na asubuhi moja isiyo na kazi aweza kuzizungukia kwa miguu, na akimaliza atakuwa amepata habari za nchi ambazo hazipatikani kwa urahisi katika vitabu vya shule.

Yafaa aanzie Bustani ya Jeevanjee. Bustani hii ilitolewa zawadi kwa watu wa mji mwaka 1906 na Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na kupata mali kwa kandarasi za reli. Akaweka ndani yake sanamu ya Malkia Victoria, nayo ikafunuliwa na Duke wa Connaught, mwana wa Malkia huyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja Malkia alisimama pale kati ya wahubiri, wabishani wa siasa, na makarani waliojinyoosha nyasini saa ya chakula cha mchana, na si wengi waliojali yeye ni nani. Ulipotokea mwaka 1991 mpango wa kujenga maegesho ya magari katika bustani hiyo, Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, na Profesa Wangari Maathai waliinuka kuupinga. Shauri lao lilikuwa la ardhi, si la sanamu. Kisha mwaka 2015 watu wasiojulikana waliiangusha sanamu ile na kuikata kichwa.

Hapana haja ya kumlilia Malkia. Hakukanyaga nchi hii hata siku moja, na ni katika enzi yake, mwaka 1895, nchi ilipotangazwa kuwa chini ya Waingereza pasipo wenyeji kuulizwa. Kasoro iko katika njia iliyotumiwa. Kitu kilichowekwa mahali pa watu wote ni mali ya watu wote, na kukiondoa ni haki yao wote, baada ya kushauriana. Aliyeivunja sanamu ile aliwanyang'anya wenziwe shauri hilo, tena akaondoka bila kutaja jina lake wala sababu yake. Kwa hiyo mpaka leo mtu hawezi kujua kama alikuwa mpigania haki au muuza vyuma chakavu.

Kutoka bustanini njia huteremka kwa Muindi Mbingu Street, ambayo yenyewe ni ukumbusho wa namna yake, maana Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba kuja Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa ng'ombe, akahamishiwa Lamu kwa sababu hiyo. Ikifika Kenyatta Avenue, mtembezi na ageuke kulia. Penye Koinange Street ataona mnara wa Lionel Galton-Fenzi, yule aliyeendesha motakaa ya kwanza kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926. Yeye naye alikuwa Mwingereza wa siku za ukoloni, lakini mnara wake haujamkera mtu, kwa kuwa hausemi kitu ila umbali wa miji.

Mwisho wa barabara, ng'ambo ya Uhuru Highway, ziko bustani mbili. Katika Central Park umeinuka mnara wa Nyayo, uliojengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Juu yake ni mfano wa Mlima Kenya, na kileleni ni mkono ulioshika rungu. Mtu akiutazama hana budi kujiuliza kama mtawala aliye hai, mwenye mamlaka yote mkononi, afaa kujengewa ukumbusho na serikali yake mwenyewe. Wakati ule swali hilo lilikuwa na hatari. Siku hizi ni la kusengenya tu.

Ng'ambo ya pili, katika Uhuru Park, pana ukumbusho ambao historia yake ni ya ajabu zaidi. Ulizinduliwa mwezi wa Septemba 2015 kwa ajili ya watu walioteswa katika siku za Hali ya Hatari, na fedha zake zilitolewa na Serikali ya Uingereza. Miaka miwili kabla yake Serikali hiyo ilikuwa imekubali kuwalipa Wakenya 5,228 fidia kwa mateso waliyoyapata, baada ya wazee kuipeleka mahakamani huko London. Sanamu yaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso, ili akikamatwa mmoja na kupigwa, asiweze kumtaja mwenziwe. Katika sanamu zote za Nairobi hii ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingine, maana haimtukuzi mkubwa yeyote, na bado yeyote aliyezikumbuka siku hizo huielewa mara moja.

Akirudi mjini kwa City Hall Way, mtembezi atafika kwenye uwanja wa jumba la mikutano la KICC, ambapo Mzee Jomo Kenyatta ameketi kitini tangu mwaka 1973. Kazi hiyo ni ya mchongaji Mwingereza, James Butler. Sanamu hii ilizusha kesi baada ya kukaa miaka zaidi ya arobaini. Katiba ya mwaka 2010 yakataza sura ya mtu kuwekwa katika fedha za Kenya. Noti mpya zilipotoka mwaka 2019 zilikuwa na picha ya jumba la KICC, na mbele ya jumba, Mzee kitini mwake. Walioshtaki walisema hiyo ni hila ya kumrudisha mtu aliyekwisha kuondolewa na sheria. Mahakama haikukubaliana nao. Lakini kila anunuaye sukari hupokea sanamu hiyo pamoja na chenji yake, hata kama anakaa Turkana na Nairobi hajaiona.

Karibu na hapo, penye njia panda ya Kimathi Street na Mama Ngina Street, amesimama Dedan Kimathi, bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine. Rais Mwai Kibaki aliifunua sanamu hiyo tarehe 18 Februari 2007, siku ile ile aliyonyongwa Kimathi miaka hamsini kabla. Wasomaji wazee watakumbuka kwamba magazeti ya Serikali ya kikoloni hayakumwita kwa jina lingine ila gaidi. Pengine wengi hawajui kwamba sheria iliyopiga marufuku Mau Mau iliendelea kuwapo miaka arobaini baada ya uhuru, ikaondolewa mwaka 2003 tu. Barabara ilikuwa na jina lake, na waliopigana pamoja naye walikuwa bado katika chama haramu.

Wala si kweli kwamba wote hupita pale kwa moyo mmoja. Wako watu wa Lari ambao jamaa zao waliuawa usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wengine kwa mkono wa Mau Mau na wengine kwa mkono wa askari waliokuja kulipiza. Si haki kuwanyamazisha hao kwa kuwaambia kwamba sanamu imekwisha kusimamishwa. Lakini pia Kimathi alizikwa ndani ya gereza la Kamiti pasipo alama, na jamaa zake wamelitafuta kaburi lake miaka na miaka. Mtu aliyenyimwa kaburi hawezi kuonewa wivu kwa jiwe la njia panda.

Kimathi Street yaishia Kenyatta Avenue, penye hoteli ya Stanley. Barabara hii kubwa iliitwa Delamere Avenue zamani, na kwenye pembe hii alikuwapo Lord Delamere mwenyewe, mkuu wa walowezi, yule aliyepewa eka 100,000 huko Njoro kama mtu apewavyo kikombe cha chai. Mwaka 1963 sanamu yake iliondolewa na kupelekwa Soysambu, katika shamba la jamaa zake. Haikuvunjwa, haikutukanwa. Alikuwa amewekwa njiani ili wapitao wamwone mwenye nchi. Nchi iliporudi kwa wenyewe, akarudishwa kwa watu wake. Shauri la Delamere lilifanywa kwa adabu kuliko lile la Malkia.

Si mbali na pembe hiyo, kandokando ya Kenyatta Avenue, wako watu watatu wa shaba ambao hakuna aliyewahamisha. Mmoja ni Mwarabu mwenye bunduki, wa pili ni askari wa King's African Rifles, na wa tatu ni mpagazi. Waliwekwa hapo mwaka 1928, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, kuwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Ndugu zao wa shaba wako Mombasa na Dar es Salaam. Yule wa Dar es Salaam alisimamishwa mahali ilipokuwapo sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambaye chini yake alikuwapo askari Mwafrika akimtazama juu. Waingereza walipoutwaa mji walimwondoa Wissmann; akapelekwa Hamburg, na huko nako wanafunzi wakamwangusha katika miaka ya 1960. Askari amebaki peke yake, juu.

Chini ya sanamu ya Nairobi yameandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kipling mwenyewe alipoteza mwana katika vita hivyo, na jina la kijana huyo limechongwa huko Ufaransa. Lakini katika ukumbusho wa Nairobi, unaoahidi majina, hapana jina hata moja.

Wala haikuwa kwa kusahau. Wapagazi zaidi ya 90,000 wa jeshi la Waingereza walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa na unga usioiva, wakibeba mizigo mpaka Msumbiji. Tume ya makaburi ya vita iliamua katika miaka ya 1920 kwamba hao hawana haja ya kaburi wala jina, sanamu moja yatosha kwa wote. Mishahara ya maelfu yao haikuwafikia wajane. Mwaka 2021 Tume hiyo ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wapatao 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Wapo wasemao kwamba watatu hao nao waondoke, kwa kuwa vita havikuwa vyao na nchi iliyotajwa haikuwa yao. Neno hilo lina ukweli, lakini lawaangukia wasiostahili. Delamere ana shamba, na Malkia ana sanamu nyingi kwao Uingereza. Mpagazi aliyechukuliwa kwa nguvu Machakos au Kavirondo ana nini? Ana soko la Kariokor, ambalo jina lake ni la kikosi chake na wauzao vikapu humo hawana habari naye, na ana shaba hii ya Kenyatta Avenue. Akiondolewa hapa hatapelekwa kwa jamaa zake, maana hakuna ajuaye ni jamaa za nani.

La kufanya ni kuongeza, si kupunguza. Madaftari ya kale yana majina, na kazi ya kuyatafuta imekwisha kuanza. Machifu walioandikisha watu walikuwa na orodha, na katika vijiji vingi wako wajukuu wanaojua kwamba babu fulani alikwenda Kariakoo asirudi. Majina yakipatikana, na yachongwe kwenye jiwe chini ya miguu ya mpagazi, kwa herufi zinazosomeka na mtu apitaye. Jiwe hilo likijaa, Uhuru Park haiko mbali, nayo ina nafasi.