Fonti iliyoniaibisha Makutano

Wasee, leo naongea kuhusu fonti. Najua inakaa kitu kidogo, lakini hii ilinikulia doo na karibu initenganishe na anti yangu.

Unajua zile herufi za kizamani zenye vijimkia kwenye ncha, halafu katikati ziko wazi, zimechorwa ukingo tu? Si za jana. London walikuwa wanauza herufi za mtindo huo tangu miaka ya 1810, za mabango na matangazo. Kwa kompyuta zinakaa fiti sana.

Nilikuwa nimeacha chuo Embu mwaka wa pili, karo imekwama. Nyumbani Meru kila mtu ananiuliza sasa nitafanya nini. Anti akafungua hoteli hapo Makutano, akaniambia, "Nitengenezee bango, si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Nikaweka ile fonti kila mahali: jina, chapati, githeri, mukimo, hadi nambari ya kulipia.

Bango likapachikwa. Ukisimama ng'ambo ya barabara, unaona utando wa buibui. Watu wakaendelea kula kwa jirani. Anti hakunipigia kelele, aliuliza tu, "Sasa hapa umeandika nini?" Iliniuma kuliko matusi.

Nilipoenda Embu kuchukua vitu vyangu, nikapata mzee mmoja akichora ukuta wa bucha. Nikasimama kutazama. Anapiga mstari kwa uzi wenye chaki, anachora herufi kwa penseli, anajaza rangi, ndipo anazungusha ukingo. Kivuli kinakuja mwisho, upande uleule kwa kila herufi. Aliniambia alianza na matatu, lakini sheria za Michuki za 2004 zilipoleta mstari wa njano, kazi ya michoro ikaisha, akahamia mabucha.

Nikamwonyesha bango langu kwa simu. Akacheka sana. "Kijana, jina ndilo linavaa koti. Bei ivae shati tu." Halafu akaniuliza kama nilirudi nyuma hatua thelathini kabla ya kusema nimemaliza.

Sikuwa nimerudi hata moja. Fonti haikuwa na makosa. Ukingo mwembamba unataka herufi kubwa na maneno machache. Ukiipunguza, mistari inashikana na jicho halisomi kitu.

Bango la pili nililipia mwenyewe. Jina peke yake kwa zile herufi, kubwa, ndani nimejaza nyekundu. Chakula na nambari kwa herufi nene za kawaida. Nikavuka barabara na anti, tukageuka.

"Sasa naona mukimo," akasema. Hakunisifu zaidi ya hapo. Lakini wiki hiyo alinitumia mteja, mama wa duka la mbolea.

Kama unaanza kudizaini, kabla hujatuma kazi, acha kompyuta mezani urudi hadi mlangoni. Ukishindwa kusoma wewe uliyeandika, msee wa Probox atasoma aje?