Mali Kauli

Pale Kwa Mathias, Kibaha, kona ya kuelekea Msangani, kuna kijiwe cha bodaboda chini ya mwarobaini. Hapo ndipo yanapoamuliwa mambo yote ya dunia: Simba na Yanga, bei ya saruji, nani kamzidi nani na kwa nini. Jioni moja nimekaa hapo nasubiri mvua ipungue, kijana anayenibeba mara kwa mara, mwenye stika kubwa ya Bob Marley kwenye tangi la pikipiki, akanigeukia.

"Dada mwandishi, hebu tuamulie. Huyu Mwarabu wa duka la jumla alianza na kibanda, leo ana ghorofa. Sasa waangalie weusi wenzetu waliopelekwa Jamaika, Trinidad na huko kote. Wako kwa wazungu miaka mia ngapi, bado wanaimba shida tu. Mwarabu ana damu ya biashara. Sisi hata ukitupandikiza wapi, ni muziki na mbio."

Kijiwe kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike haya, maana usiku ule nililala vibaya. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kabla, nyumbani kwetu, kutoka kwa baba yangu.

Baba alipunguzwa kazi kiwandani mwaka 1996. Akachukua kiinua mgongo chake, akafungua duka hapa hapa Kwa Mathias: sukari, mafuta ya taa, sabuni za mche, madaftari ya shule. Lilidumu mwaka mmoja na nusu. Siku aliyofunga alikaa barazani akasema, kana kwamba anasoma hukumu, "Sisi si watu wa biashara." Hakujaribu tena. Alifariki akiamini hivyo, na mimi, msomi wa chuo kikuu ninayeandika habari za uchumi kwa mshahara, nilikuwa naamini hivyo pia. Sikuwahi tu kulisema kwa sauti.

Basi wiki iliyofuata nikaenda kwa huyo Mwarabu mwenyewe. Sisi wote tuliokulia hapa tunamwita Ami. Nilimkuta kaketi nyuma ya mizani, kofia kichwani, redio pembeni. Nikamuuliza bila kuzunguka: ulitajirika vipi?

Akacheka. "Tajiri gani, mwanangu? Hii ni mali ya watu."

Akanisimulia. Baba yake alikuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut, Mshihiri asiye na kitu, akawa anatembeza kahawa Dar es Salaam na deli mkononi, akigonganisha vikombe. Kahawa haikumtajirisha. Kilichombadilishia maisha ni binamu yake aliyekuwa na stoo Kariakoo. Huyo alimpa magunia mawili ya mchele kwa mali kauli: chukua, uza, nirudishie, faida yako. Hakuna karatasi wala dhamana. Dhamana ilikuwa kwamba ukimdhulumu binamu, ukoo mzima kutoka Tanga hadi Lindi utajua kabla ya Ijumaa, na hutapata tena gunia wala mke.

Ami mwenyewe alirithi duka kijijini. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili pawe na maduka ya ushirika. "Nikabaki na mizani na watoto wanne," akasema. "Lakini duka ndilo lililofungwa, mjomba hakufungwa." Mambo yalipolegea, mjomba akampa mali kauli upya. Ndipo akaja Kwa Mathias, akaanza na kile kibanda ambacho vijana wa kijiweni wanakikumbuka. Hawakumbuki mjomba, kwa sababu mjomba haonekani kutoka barabarani.

Nikamuuliza: baba yangu alipofungua duka lake, alinunua wapi bidhaa?

"Kwetu. Kariakoo."

"Kwa mali kauli?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana, mwanangu. Kwa taslimu. Wangemjua wapi?"

Hilo "wangemjua wapi" lina historia yake, na si historia ya damu. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, hawezi kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda mwenyeji asizame kwenye madeni. Matokeo yake, mwenye stoo aliona hasara kumpa Mwafrika mzigo, na Mwafrika akabaki na biashara ya mkononi, ya kununua leo kwa pesa ya leo. Sheria ikaondoka, mazoea yakabaki. Baba yangu aliyakuta yanamsubiri Kariakoo miongo mingi baadaye.

Nisieleweke vibaya. Siandiki kumsafisha mtu. Kutoka hapa kwenda Bagamoyo si mbali, na sote tunajua misafara iliyoishia pale ilibeba nini na nani walikuwa mabwana. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, waliolipwa fidia ni wenye watumwa. Lakini neno "Mwarabu" linafunika watu wengi mno: mwenye shamba la karafuu Unguja na mchuuzi wa kahawa aliyelala gati, wote tunawaita jina moja. Abdulrazak Gurnah alilijua hilo. Katika Paradise, riwaya ya 1994 ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Dukani kwa Aziz anamkuta Khalil, kijana anayezungumza Kiarabu, mtoto wa mwenye duka maskini. Naye yuko pale kwa deni la baba. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona habari ya biashara ya misafara. Nilipoisoma tena baada ya kuongea na Ami, niliona daftari la madeni, na watoto wakiandikwa humo kama mafungu ya kitambaa.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu kijana wa bodaboda alitaja Jamaika, na anastahili jibu la Jamaika.

Waliopelekwa Karibi hawakuwa na binamu mwenye stoo. Waliuzwa, wakatenganishwa, wakapewa majina ya waliowanunua. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake tarehe 1 Agosti 1834, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na kama kule Zanzibar baadaye, fidia ikaenda kwa mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakupata hata senti. Tena aliongezewa miaka minne ya kumtumikia bwana yule yule kwa jina la uanagenzi, na ilipokwisha, wapo waliotozwa kodi ya vibanda walivyokuwa wakiishi. Mkopo uliochukuliwa kulipia fidia ile ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake, mjukuu wa mtumwa aliyekuwa akiendesha basi London alikatwa kodi iliyosaidia kulipa deni la kumfidia bwana wa babu yake. Ukisikia hivyo, bado utauliza kwa nini wanaimba shida?

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba Jamaika nayo ina Mwarabu wake wa duka. Mwishoni mwa karne ya 19 walifika kule watu kutoka nchi ambazo leo tunaziita Lebanon na Palestina, wengi wao Wakristo. Walianza kwa kubeba vitambaa mgongoni kijiji hadi kijiji. Aliyetangulia alimpa mzigo aliyefuata, aliyefuata akafungua duka, na watoto wao wakawa watu wakubwa wa biashara. Edward Seaga, Waziri Mkuu wa Jamaika kuanzia 1980 hadi 1989, alikuwa wa asili hiyo ya Lebanon. Ipo picha maarufu ya tarehe 22 Aprili 1978, kwenye tamasha la amani mjini Kingston: Bob Marley kaishika mikono ya Michael Manley na Seaga, wapinzani wawili, kaiunganisha juu ya kichwa chake. Kijana wangu anamjua yule wa katikati. Hakujua kwamba mmoja wa wale wawili alitoka kwa watu wa mali kauli, wale wale wa Ami, ila wa bahari nyingine.

Kwa hiyo kisiwa ni kimoja, jua ni moja, serikali ni moja. Mmoja alishuka melini akapokelewa na ndugu mwenye mzigo. Mwingine babu zake walishushwa wakiwa wao wenyewe ndio mzigo. Ukiwapima baada ya miaka mia moja ukasema tofauti yao ni damu, umefuta nusu ya hesabu kabla ya kujumlisha.

Na hata hao waliotoka mikono mitupu hawakukaa bure. Meli ya Empire Windrush ilipowashusha Tilbury mwezi Juni 1948, na wengine wakafuata miaka ya 1950, walikwenda kuendesha mabasi, kufagia stesheni, kuuguza wagonjwa. Sam Selvon wa Trinidad aliwaandika katika The Lonely Londoners, 1956. Moses anakwenda stesheni ya Waterloo kumpokea mgeni, Galahad, ambaye hana hata sanduku. Moses hana stoo wala gunia la kumpa. Mali aliyonayo ni habari tu: mtaa gani watakupangisha, ofisi gani ya kazi uende, nyumba gani usigonge hodi.

Benki hazikutaka kuwakopesha. Basi wakachanga. Wajamaika huita pardna, Watrinidad huita susu, neno lenye asili ya Kiyoruba. Kila wiki kila mtu anatoa, mmoja anapokea wote, zamu inazunguka. Sisi tunaita upatu, au mchezo. Familia nyingi za Karibi zilinunua nyumba zao za kwanza London kwa fedha hizo. Hebu fikiria: walinyang'anywa lugha, majina na miungu, lakini upatu ukavuka nao bahari.

Hata hivyo mlango haukukaa wazi. Mwaka 2018 nchi nzima ya Uingereza ilishtuka kujua kwamba wazee waliofika kule utotoni, kihalali, walikuwa wakifukuzwa kazi, wakinyimwa matibabu, wengine wakirudishwa visiwani, kwa kukosa karatasi ambazo hawakuwahi kuambiwa wazitunze. Nilimsimulia Ami habari hiyo. Akatikisa kichwa. Mwaka jana binti yake aligombana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, akaambiwa arudi kwao Uarabuni. "Kwetu wapi?" Ami akaniuliza. "Mimi nimezaliwa Tanganyika. Hadhramaut sijawahi kuiona. Yemen yenyewe vita." Kumbe ghorofa haimkingi mtu na swali hilo. Hapo ndipo Mshihiri wa Kibaha na mzee wa Kijamaika wa London wanapoketi benchi moja.

Kabla sijarudi kijiweni nilipita kwa mama. Nilimwomba daftari la duka la baba, maana nilijua mama hatupi kitu. Lilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga. Mwandiko wa baba ulionyooka: jina, bidhaa, kiasi, tarehe. Mwalimu fulani, sukari kilo mbili. Shemeji, mafuta ya taa. Mjane wa nyumba ya tatu, unga, unga, unga. Nilijumlisha kurasa zote kwa kikokotoo cha simu. Wateja walikuwa wakidaiwa shilingi 214,350 siku duka lilipofungwa. Kwa mwaka 1998 hiyo ilikuwa stoo nzima.

Baba alikuwa mfanyabiashara. Alifanya kile kile alichofanya binamu wa Kariakoo: alitoa mali kwa kauli, kwa watu aliowajua. Ila binamu alikuwa na mtu nyuma yake, na huyo naye alikuwa na mtu. Nyuma ya baba hakukuwa na mtu. Alikopesha kwa pesa ya taslimu, mpaka taslimu ikaisha.

"Ningeshangaa lingedumu miezi sita," mama akasema, akilichukua daftari kulifunga. "Unadhani mwaka na nusu ule lilisimama kwa nini? Nilikuwa nampa hela yangu ya mchezo kila zamu yangu ikifika. Sisi wanawake kumi na wawili wa mtaa huu ndio tulikuwa Kariakoo yake."

"Baba alijua?"

"Alijua. Ila hakuiita biashara."

Jioni ile nilipanda bodaboda ya kijana wangu. Nilimweleza yote njiani, kwa kupiga kelele kushinda upepo: Seaga, pauni milioni 20, pardna, 1931. Sidhani alisikia nusu. Tulipofika nikakuta sina chenji, yeye pia hana.

"Nenda tu, dada," akasema, akigeuza pikipiki. "Utanipa kesho. Si nakujua?"