Bibi Tuliyemficha



Ndugu zangu katika imani, leo sikuleteeni darsa kutoka kitabuni. Nakusimulieni kosa langu mwenyewe. Nakuombeni msome mpaka mwisho kabla hamjaandika neno.

Kwetu Unguja tulilelewa tukiambiwa kuwa bibi yake bibi yangu, upande wa mama, alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut. Jina lake tulilijua, kwani marehemu bibi alikuwa akimtaja katika kila hitma. Lakini ukiuliza babake nani, au ndugu zake wako wapi, jibu lilikuwa moja: "Nyamaza mwanangu, ya wazee waachie wazee."

Zaidi ya miaka 25 iliyopita alikuja kijana kumposa dada yangu. Anasali, ana kazi, ana adabu. Wazee wakasema hana asili, kwao walikuwa watumwa. Wakaniuliza mimi, na ndiyo kwanza nimetoka madrasa, kichwa kimejaa. Nikawaambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii nasaba imetajwa katika mlango wa kafaa. Nikasema nusu ya elimu. Sikuwaambia kuwa kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia kuiacha, ndoa inasihi. Wala dada yangu mwenyewe sikumuuliza. Posa ikarudishwa.

Dada akaolewa kwengine. Binti yake sasa anaishi Uingereza, na miaka mitatu iliyopita alitema mate kwenye kichupa akapima DNA. Akanipigia: "Mjomba, mbona njia ya mama imetoka ya Kiafrika?"

Nikafuatilia nielewe. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtu huipata kwa mama tu. Mama naye kaipata kwa mamake, hivyo hivyo mpaka juu, karibu bila kubadilika. Kwa hiyo binti yetu amebeba alama ya yule bibi mkongwe. Lakini kipimo hakitaji jina, na hakijui mtu alizaliwa kijiji gani. Kinalinganisha tu vinasaba vyako na vya watu wengine waliopimwa.

Nikaenda Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Nilianza na sensa, nikakuta inatoa hesabu za makabila, haina majina ya watu. Hata hivyo hesabu zenyewe zina funzo. Katika sensa ya 1924 maelfu kwa maelfu hapa Zanzibar walijiandikisha Waswahili. Ilipofika 1931, idadi hiyo ilikuwa imeporomoka, na Washirazi wameongezeka. Watu hawakufa. Neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa, wakalivua kama kanzu chafu. Basi si ukoo wetu peke yetu uliobadilisha hadithi.

Nikahamia kwenye daftari za walioachwa huru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini waliokwisha kumilikiwa walibaki watumwa. Amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 1897 ndiyo iliyowapa haki ya kwenda kudai uhuru wao. Masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka 1909. Fidia alilipwa bwana. Aliyefanyishwa kazi hakulipwa kitu.

Siku ya nne nikamwona. Jina ni lile lile la kwenye hitma, na shamba la karafuu ni lile ambalo bibi alikuwa akilitaja. Umri wa kukisia. Kabila: Mnyasa. Jina la bwana wake lipo, la babake halipo. Jina moja si ushahidi, nalijua hilo. Lakini jina, shamba na kipimo vilipokutana, nafsi yangu haikuwa na pa kukimbilia. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu ukoo huu si wangu peke yangu.

Nikakaa nikalia. Sikulia kwa kuwa alikuwa mtumwa. Nililia kwa kuwa tulimsomea hitma miaka yote huku tukimkana.

Ndugu yangu unayesoma, Bi Hajar mama yake Ismail alikuwa nani? Alikuwa kijakazi, na katika kizazi chake ametoka Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Ummu Ayman aliyemlea Mtume alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Suratul Hujurat imetufundisha kuwa makabila ni ya kujuana, na mbora ni mwenye taqwa. Aya hiyo niliihifadhi utotoni. Siku ya posa sikuifanyia kazi.

Nilimpigia dada yangu nikamweleza na kumtaka radhi. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Mimi hamkuniuliza." Hakuongeza neno, na sina jibu mpaka leo.

Kisha nikenda kwa yule mposaji. Sasa ni babu mwenye wajukuu. Nilipomweleza, akaniambia, "Ustadhi, sisi tulijua. Mama yangu alifiwa na mamake mdogo, akalelewa na bibi yenu huyo. Walikuwa shamba moja. Siku mliporudisha posa, mama alitukataza tusifungue mdomo. Alisema, aliyenilea simvui nguo."

Basi niambie, siku ile mwenye asili alikuwa nani?

Nasaha zangu ni tatu. Ukitaka kuwajua wazee wako, anza kuwauliza waliobaki leo, kabla hawajazikwa na majina. Pili, kipimo cha DNA usikifanye upanga. Usimtuhumu mama wa mtu wala usivunje nasaba iliyothibiti kwa ndoa kwa karatasi ya maabara. Tatu, akija mwenye dini na tabia njema kumposa binti yako, mwulize binti kwanza. Babu yake mposaji mwache apumzike kaburini.

Katika hitma yetu iliyopita nilimtaja bibi mkongwe kwa jina lake, nikasema alikotoka. Baadhi ya wazee walininunia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe sisi tuliomficha. Amin.

Wabillahi tawfiq.